Hina kwa Ajili ya Kalenda ya Shule

"Mama, picha haina harufu."

Maneno hayo aliniambia binti yangu akiwa amekaa juu ya shimo la moshi nyumbani kwa mama yangu kule Abuku, blanketi zito limemfunika mpaka shingoni, jasho linamtiririka hadi puani. "Picha haina harufu," akarudia. "Moshi wa nini?" Mimi nikamjibu kama ninavyomjibu kila mtu anayenishinda kwa hoja: nikamwambia anyamaze.

Nitasimulia jambo hili lilivyokuwa, na sitajipendelea. Nimemwomba ruhusa kwanza. Siku hizi namwomba ruhusa hata nikitaka kumnunulia sabuni, naye hunicheka. Alisema andika, lakini jina langu usiweke. Nikaona kama lake haliwekwi, basi la nani litawekwa? Kwa hiyo humu hamna majina.

Mimi ni mtu wa Koboko, mtoto wa askari, sajini. Kiswahili nilikipata kambini, kwenye vumbi, nikigombana na watoto wa askari wengine, halafu nikakinyoosha ukubwani kwa redio na vitabu vya kuazima. Shule yenyewe niliishia darasa la saba. Sasa naishi Onduparaka na nauza mitumba katika soko la Arua, blauzi na sketi za kike, na ukinikuta asubuhi kabla sijanywa chai utajuta kuuliza bei. Baba ya mtoto yuko Juba na biashara zake. Huja akija. Binti nilimpeleka shule ya bweni ya wasichana Koboko, kwa sababu bibi yake yuko karibu, na kwa sababu niliona Arua kuna mambo mengi ya kumvuruga mtoto akili.

Shule ile ina desturi moja. Kila mwaka wasichana wa kidato cha nne, wale wanaojiandaa kwa mtihani, wanapigwa picha mmoja mmoja. Msichana anakaa kwenye kiti, sare imenyooka, tai imekaa sawa, kitabu kimefunguliwa magotini na mikono yote miwili imelala juu yake. Picha hizo zinatengenezewa kalenda ya mwaka unaofuata. Kalenda inakwenda mbali. Utaikuta dukani, utaikuta kwa fundi cherehani, kwenye kituo cha boda boda, sebuleni kwa watu ambao hawana mtoto pale. Watu wa Koboko wanasimama mbele yake wanatafuta: huyu wa nani, huyu wa ukoo gani, ah, huyu si mjukuu wa marehemu sajini?

Katika ukoo wetu hakuna msichana aliyewahi kufika kidato cha nne. Hakuna hata mmoja. Basi muelewe nilikuwa naiota ile kalenda. Nilishachagua ukuta. Nilishaona jinsi nitakavyoipeleka sokoni, niitundike juu ya blauzi, mteja akiuliza bei nimwambie subiri kwanza, tazama hapa.

Wiki moja kabla ya picha shule iliwaruhusu watoto kuja nyumbani kwa siku chache. Wazazi tuliambiwa tuwaandae: nywele fupi, kucha safi, viatu ving'arishwe. Binti yangu alishuka Arua, nikampokea na mfuko wake, na wakati ananishika mkono kunisalimia nikashtuka. Mikono ile! Vidole vimekakamaa, viganja vimechanika, kuna alama nyeusi ya kuungua kwenye kidole gumba. Mikono ya kuchota maji, kulima shamba la shule na kufua kwa maji magumu. Visigino ndiyo usiseme. Nikamuuliza, "Hivi wewe uko shule au uko jela?" Akacheka. Yeye hakuona kitu. Wenzake wote wako hivyo.

Si kweli, sio wote. Nilikuwa nimewaona siku ya wazazi. Kuna mabinti wa wakubwa wa ofisi, wana mikono laini kama maandazi. Nikawaza kalenda. Nikawaza mikono ya mwanangu imelala juu ya kitabu, katikati ya mikono ile mingine, na Koboko nzima inaitazama mwaka mzima. Niseme wazi: niliionea aibu mikono ya mtoto wangu. Mikono iliyoumia kwa sababu ya kutafuta elimu ambayo mimi sikuipata, niliionea aibu. Yote yaliyofuata yalianzia hapo.

Sasa, mzazi mwenye akili zake angenunua mafuta ya ngozi, angempaka jioni na asubuhi, basi. Lakini mimi ninajua njia moja tu ya kumwandaa msichana atazamwe na watu. Njia hiyo nimeiona tangu utoto na niliipitia mwenyewe. Kwetu, sisi Waislamu wa Koboko tuliochanganyika na mambo ya Sudan, msichana anapoandaliwa anasuguliwa dilka, ule unga wa mtama uliokandwa kwa mafuta, karafuu na sandali, mpaka ngozi ya zamani itoke yote. Anakalishwa juu ya shimo lenye kuni za mgunga zinazofuka polepole, moshi unamwingia mwilini. Halafu anapakwa hina vidoleni na nyayoni. Akitoka hapo hata mama yake anamtazama mara mbili. Na akitoka hapo, kila mtu anajua anakwenda wapi. Anakwenda kwa mume.

Nilijua hivyo. Sikuwa mgeni. Nilijiambia tu kwamba hii ni dilka, sio arusi. Ni moshi tu. Na hina ni kidogo, ya kuficha zile alama. Nilijitia hamnazo kabisa. Sokoni kwetu kuna kina mama wanaoleta vitu hivyo kutoka Juba, nikaenda nikachukua kila kitu. Mmoja akaniuliza, "Iko nani anaolewa?" Nikamwambia hakuna, ni mambo yangu. Akafunga mzigo huku anatabasamu, akaongeza kipande cha udi bila kuombwa.

Tukapanda gari mpaka Koboko, tukachukua boda mpaka Abuku. Mama yangu ni mzee lakini kwa kazi hii mikono yake bado ina nguvu. Amewaandaa wasichana wengi kuliko ninaoweza kuwahesabu. Nilipomweleza kwamba ni kwa ajili ya picha ya shule, alilitafuna hilo neno kidogo. Kisha akasema, "Picha au arusi, ngozi iko ngozi moja." Akachukua jembe akaenda kufukua shimo la moshi nyuma ya jiko.

Binti alikataa. Lazima niliweke hili vizuri, kwa sababu baadaye litakuja kusemwa vingine. Alikataa tangu mwanzo, kwa adabu lakini alikataa. "Mama, shule haitaki hii."

"Shule inataka mtoto safi."

"Si hivi. Madamu watauliza."

"Wakiuliza wanitafute mimi. Mimi niko na mdomo."

"Mama, tafadhali. Mafuta tu inatosha."

"Nyamaza, wewe unajua nini? Kaa hapo."

Akakaa. Bibi yake akamsugua mgongo, mikono, miguu, unga ukatoka mweusi, akamsugua tena. Mtoto anauma meno. Halafu moshi, na ndipo akaniambia picha haina harufu, na mimi nikasema mtu anayenukia vizuri anakaa vizuri kwenye kiti. Nilijiona nimejibu la maana sana. Mwisho hina. Nilisema kidogo, lakini mama yangu hajui kidogo. Alivichovya vidole vyote mpaka kwenye viungo, nyeusi tii, na nyayo pembeni zote. Nilimwona anazidisha, sikumzuia. Ilikuwa inapendeza.

Na alipendeza, wallahi. Alipotoka kuoga nilikaa chini. Ngozi inang'aa, imekuwa kama imepakwa asali, mikono imelainika, zile alama hazionekani. Mama yangu akashindwa kujizuia, akapiga vigelegele. Ukipiga vigelegele Abuku watu hawabaki majumbani kwao. Jirani akaja mbio huku anajifunga kanga, akamtazama mtoto kuanzia vidoleni mpaka miguuni, akanikumbatia.

"Mabruk! Mabruk! Arusi iko lini?"

"Hakuna arusi. Ni picha ya shule."

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Picha ya shule na dilka! Wewe mutu wa Arua, unaficha sisi? Bwana iko wa wapi?" Nikacheka naye. Binti yangu hakucheka. Aliingia ndani akavaa soksi.

Siku ya picha nilimsindikiza mwenyewe. Boda ilitushusha langoni, na mlinzi kabla hajatuuliza chochote akainua pua. Uwanjani palikuwa pamechangamka. Mpiga picha ametundika shuka la bluu ukutani, ameweka kiti mbele yake, wasichana wamepanga foleni wanarekebishana tai na kuchekana. Binti yangu alipoingia kwenye foleni nikaona wale wa mbele wanageuka mmoja baada ya mwingine. Harufu ilikuwa imefika kabla yake. Mmoja akasema kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia, "Bibi arusi." Kicheko kikapita. Binti akaficha mikono kwenye mifuko ya sweta.

Hapo nilipaswa kumshika tuondoke. Badala yake nilimpa ishara kwa macho: simama wima.

Mwalimu anayewalea wasichana pale shuleni alikuwa anapita foleni, anakagua kola na kucha. Alipofika kwake akasimama. Akamwambia kitu kwa Kiingereza. Mtoto akatoa mikono mifukoni. Yule mwalimu akaigeuza ile mikono, juu, chini, akamwambia avue kiatu na soksi, akatazama mguu. Hakupiga kelele. Alimshika bega tu, akamtoa kwenye foleni, halafu akazungusha macho kutafuta mzazi ni nani. Nikainua mkono mwenyewe, kama mwanafunzi.

Ofisini kwa mkuu wa shule tulikaa mimi na binti kwenye benchi, yeye mezani, yule mwalimu mlangoni. Mkuu ni mwanamke wa rika langu. Akaacha Kiingereza akaja kwenye Kiswahili ili nisikie kila neno, na nilisikia.

"Mama, hii mtoto mmepatia bwana?"

"Hapana, madamu. Naapa."

"Basi hii ni nini?"

Nikafungua mdomo. Yeye akainua kiganja. "Ngoja, mama. Nitauliza mtoto kwanza. Mwaka jana tulikuwa na msichana alirudi na hina hivi hivi. Wazazi wakasema ni urembo tu. Hakumaliza muhula. Safari hii nikiona mzazi anaandaa mtoto wa mtihani kwa arusi, mimi siongei sana. Napigia polisi wa watoto simu, wanakuja."

Polisi. Mimi mtoto wa kambini, nikasogea mpaka ukingoni mwa benchi. Mkuu akasogeza kiti chake karibu na binti yangu, magoti yao yakakaribia kugusana, akamsemesha polepole. Akamwambia asiogope mtu yeyote aliye humu ndani. Akamuuliza, kuna mtu amekuja nyumbani kuongea habari zako? Kuna mtu anakulazimisha kitu? Wewe mwenyewe unataka nini? Ukisema hapana, basi ni hapana, na mimi nitasimama na wewe.

Sasa niseme jambo ambalo nimeliandika nikalifuta, nikaliandika tena. Nikiwa kwenye benchi lile, mwanangu ananyanyasika kwa makosa yangu, nilimwonea wivu. Mimi nilisuguliwa dilka nikiwa na miaka kumi na sita, na mama yangu huyo huyo, nyuma ya jiko hilo hilo. Hakuna aliyesogeza kiti. Hakuna aliyeniuliza unataka nini. Nilikaa pale mwanamke mzima na kichwa changu kikubwa, nikitamani yale maswali yangekuwa yangu. Mama gani anamwonea wivu mtoto wake saa kama hiyo? Huyu hapa.

Binti yangu alinitazama. Hakunitazama muda mrefu. Halafu akamgeukia mkuu wa shule.

"Hakuna mtu, madamu. Ni mimi mwenyewe nilitaka. Niliona kwenye simu, nikaona inapendeza. Mama alikataa. Nikampita, nikaenda kumwomba bibi."

"Mama alikataa?"

"Ndiyo, madamu. Naapa kwa Mungu."

Mkuu akanigeukia mimi. "Ni kweli, mama?"

Mdomo huu, ambao sokoni unaweza kugombana na mstari mzima wa wauza mitumba, ulikauka. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nilisikia nje mpiga picha anawaambia watoto, kidevu juu, usifumbe macho. Nikatazama chini, kwenye miguu ya benchi. Nikatingisha kichwa, na mtu angeweza kukielewa kichwa kile apendavyo. Mkuu akakielewa kuwa ni ndiyo.

"Basi," akasema, na nikaona amepumua kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. "Afadhali. Ingekuwa ni wazazi, kosa si la mtoto. Ningempiga picha ya uso tu, na mimi na wazazi tungejuana. Lakini kama ni wewe mwenyewe, sheria ya urembo unaijua. Umeivunja ukiijua. Kalenda inaingia kila nyumba Koboko. Siwezi kuweka bibi arusi kwenye kalenda ya shule ya wasichana, halafu wadogo zako wajifunze nini?"

Mlango wa kusema ukweli ulikuwa wazi hapo, wazi kabisa. Ningesema ni mimi, mtoto angepigwa picha. Sikusema. Niliogopa polisi, ndiyo, lakini nisijifiche nyuma ya polisi. Niliogopa zaidi yule mwanamke wa rika langu, kwenye meza yake, anitazame ajue kwamba mimi ndiye yule mama mshamba aliyemfukiza mtoto moshi kwa ajili ya picha. Nikaacha mtoto awe mjinga badala yangu.

Kisha wakampeleka chumba cha nesi. Ndiyo utaratibu, mwalimu akaniambia kwa upole. Wasipompima mimba watu watasema. Nilisimama nje ya mlango ule na kuona kikombe cha plastiki kinapita mkononi mwa nesi. Majibu yalikuwa yale niliyoyajua. Mwalimu akamrekebishia mwanangu tai yake, akamwambia aende bombani ajaribu kuitoa ile hina kabla ya kuingia darasani.

Nikamkuta bombani. Alikuwa amechukua mchanga na sabuni ya unga, anasugua vidole. Nikachuchumaa nimsaidie, akasogea pembeni, sio kwa hasira, kama mtu anayempisha mwenzake achote maji. Hina ya mama yangu haitoki kwa mchanga. Ng'ambo ya uwanja wenzake waliitwa jina kwa jina kwenda kukaa kwenye kile kiti. Alikuwa akisikia kila jina. Lake halikuitwa, wakaruka mpaka linalofuata. Nilitamani ardhi ipasuke, na ardhi ya Koboko ni ngumu kama nini, haikupasuka.

"Kwa nini ulisema vile?" nikamuuliza.

"Ulikuwa unatetemeka, mama," akasema.

Nilirudi Arua. Sikumwambia mtu. Mama yangu alipopiga simu kuuliza picha ilikwendaje, nilisema vizuri. Nilifungua marobota, nikauza, nikagombana na watu, na Jumamosi vijana wa mtaa walipita wakiimba kuelekea mpirani nikawafokea wapunguze kelele, wakashangaa, maana huwa nawashangilia. Kila nilipoona sketi ya bluu nilikumbuka lile shuka. Wiki zikapita, hina ikawa imefifia kwenye mikono yake huko aliko, lakini kwangu haikufifia hata kidogo.

Halafu kalenda zikatoka. Niliiona ya kwanza palepale sokoni, kwa jirani yangu muuza viatu ambaye binti yake yuko darasa moja na wangu. Aliitundika juu ya viatu, akaniita, "Njoo uone watoto wetu!" Nikaenda. Nikatafuta na yeye akatafuta, mstari kwa mstari, kidole chake kinapita kwenye nyuso. Mwishowe akasema, kwa aibu kubwa kuliko yangu, "Labda walikosea kuchapa." Nikasema labda.

Hapo nikapiga moyo konde. Siku iliyofuata sikufungua kibanda. Nilivaa gauni langu la heshima, nikapanda gari la asubuhi kwenda Koboko, nikaingia ofisini kwa mkuu wa shule nikakataa kukaa. Nikasema yote. Nikasema ni mimi niliyenunua, ni mimi niliyemlazimisha, mtoto alikataa tangu mwanzo, alidanganya kunilinda, na mimi nilinyamaza kwa sababu ya woga na aibu. Nikasema kama ni polisi, waitwe, niko hapa. Yule mwalimu mlezi aliitwa, nikarudia tena mbele yake. Machozi yalikuwa yanatoka, sikuyafuta.

Mkuu hakuita polisi. Alisema, "Asante kwa ukweli, mama. Ungeusema siku ile." Nikasema najua. Akasema kalenda imeshatoka, haibadiliki, lakini kitabu cha kumbukumbu cha shule bado hakijachapwa, atamwita mpiga picha aje ampige mtoto peke yake, akae na kitabu chake kama wengine. Nikamshukuru mpaka nikamchosha. Nilitoka pale nimekuwa mwepesi. Nilijiona mtu. Njiani kuelekea mabwenini nilikuwa hata natabasamu, nikajiambia, sasa nimemsafisha mwanangu.

Nilimkuta anaanua nguo kwenye kamba nyuma ya bweni. Mikono ilikuwa imerudia ukali wake, na ncha za kucha tu ndizo zilizobaki na rangi. Alifurahi kuniona. Nikamwambia kwa pupa, maneno yanagongana: nimekwenda kwa mkuu, nimesema yote, wanajua hukukosa, utapigwa picha.

Akaacha kuanua. Shati likabaki nusu kwenye kamba.

"Umewaambia nilidanganya?"

"Nimewaambia ulinilinda."

"Niliapa kwa Mungu, mama. Mbele ya madamu." Aliongea polepole, kama anayejieleza mwenyewe. "Baada ya siku ile aliniita. Alisema wengine wakikamatwa huzunguka, wewe ulisema ukweli moja kwa moja hata ukikuumiza. Akanipa wasichana wa kidato cha kwanza, niongee nao kila Ijumaa. Niwaambie habari za kusema ukweli." Akashusha lile shati, akalikunja. "Leo ni Ijumaa."

Sikujua. Ningejuaje? Nikasema hivyo, sikujua, nilitaka tu kukusafisha, nilidhani nakufanyia jambo jema. Nilijisikia ninavyosema na kila neno lilikuwa la mwanamke yule yule aliyesimama juu ya shimo la moshi.

"Najua," akasema. Hakupandisha sauti. Aliweka nguo begani, akanitazama usoni kwa upole ambao sikustahili. "Lakini, mama, na hili pia hukuniuliza."